Intaneti ya nyumbani isiyopokea mgeni ni nusu ya intaneti

Kila likizo ya shule inapofika, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala yupo kijana aliyejifungia chumbani akipambana na jambo ambalo wazazi wake hawalioni. Hachezi tu, anataka kuwa mwenyeji. Dunia ya Minecraft aliyoijenga na binamu zake, yenye nyumba, mashamba na njia za reli chini ya ardhi, anataka ikae kwenye kompyuta ya pale nyumbani, na wenzake wa Mwanza au Mombasa waingie humo kwa anwani atakayowatumia kwa WhatsApp. Gemu imelipiwa. Kompyuta ipo. Bili ya faibari inalipwa kila mwezi. Lakini wenzake wakijaribu kuingia, skrini zao hungoja kidogo kisha huwaambia kwamba muunganisho umeshindikana.

Nimekaa na vijana wa namna hii, wa ukoo wetu na wa majirani, na jambo ninalotaka kulisema ni moja. Katika nyumba nyingi kosa la mwisho si la kijana wala la kompyuta yake. Intaneti anayouziwa mzazi wake imekatwa upande mmoja. Inaweza kuleta filamu usiku kucha, lakini mtu wa nje hawezi kuifikia nyumba hiyo hata akipewa anwani. Kwenye matangazo ya vifurushi tunaambiwa kasi na bei. Hilo la kutofikika hatuambiwi, ingawa wanaouza wanalijua vizuri. Nataka lisemwe wazi na liandikwe kwenye mkataba.

Ila huwezi kumdai mwenzako kabla hujahakikisha kwamba deni si lako. Kijana atakayempigia simu mtoa huduma bila kukagua kwanza nyumba yake ataambiwa azime ruta na kuiwasha, na mazungumzo yataishia hapo. Kwa hiyo nianzie ndani.

Anayekumbuka enzi za barua ataelewa haraka namna ruta inavyofanya kazi. Familia nyingi hazikuwa na sanduku lao posta. Barua zilikuja kwa S.L.P. ya shule au ya parokia, na karani ndiye aliyejua ipi ni ya nani. Ruta ya nyumbani ni karani huyo. Kwa nje nyumba nzima ina anwani moja. Kwa ndani kila simu, televisheni na kompyuta ina anwani yake ndogo, mara nyingi inayoanza na 192.168. Simu yako ikiomba kurasa, karani anaandika daftarini nani ameomba nini na kwa nani, na jibu likija anajua pa kulipeleka. Lakini ikija barua kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemwandikia, na juu yake hakuna jina la mpokeaji, karani haifungui wala haiulizii. Anaitupa.

Mgeni wa gemu ndiyo barua hiyo. Anakuja bila kuitwa na mashine yoyote ya ndani. Ili apokelewe, lazima karani aachiwe maagizo mapema: atakayekuja akiulizia poti namba 25565, mpeleke kwenye kompyuta fulani. Poti ni namba inayotambulisha programu inayotakiwa ndani ya mashine, na hiyo 25565 ndiyo ya kawaida kwa Minecraft ya Java. Minecraft ya simu na vifaa vya gemu, ile ya Bedrock, hutumia 19132. Utaratibu huu wa nyumba nzima kujificha nyuma ya anwani moja ulielezwa kwa maandishi mwaka 1994 kama njia ya muda ya kupunguza upungufu wa anwani. Njia hiyo ya muda imekaa miaka zaidi ya 30.

Mtoto wa kaka yangu, aliye sekondari na anayeishi Tabata, Dar es Salaam, alinipigia likizo moja.

"Shangazi, nimefungua poti lakini bado hawaingii."

"Wewe mwenyewe umeingia, baba?"

Hakuwa amejaribu, na wengi hawajaribu. Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye seva ukiwa kwenye kompyuta ileile inayoiendesha, kwa anwani ya 127.0.0.1, ambayo maana yake ni mashine kujiita yenyewe. Ikishindikana hapo, usiguse ruta; seva haijawaka, au haisikilizi kwenye poti unayoidhania. Ikikubali, nenda kwenye kompyuta nyingine ya humo ndani na uingie kwa ile anwani inayoanza na 192.168. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni ndogo. Siku seva ilipowashwa mara ya kwanza, Windows ilileta dirisha la kuuliza kama Java iruhusiwe kupokea miunganisho. Kijana mwenye haraka anafunga dirisha au anakataa. Windows huandika kukataa huko kama sheria, na sheria hiyo inabaki hata kompyuta ikizimwa mara ngapi. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ulinzi ya Windows, kutafuta sheria za Java, kuzifuta zile za kuzuia na kuruhusu upya. Kuna anayeamua kuuzima ulinzi wote ili mambo yaende. Hilo halifai hata kwa jaribio la jioni moja kwenye mashine inayokaribia kufunguliwa kwa dunia.

Jambo la pili ni la kwetu zaidi, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Ruta hugawa anwani za ndani kwa zamu. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huwaka kwa pamoja na kuomba anwani upya. Kompyuta iliyokuwa 192.168.1.5 jana inaweza kuwa 192.168.1.9 leo, na .5 sasa ni ya televisheni. Maagizo uliyomwachia karani bado yanasema .5. Ndiyo maana seva iliyofanya kazi vizuri Ijumaa haifikiki Jumamosi, na kijana anaapa kwamba hakugusa kitu. Anasema kweli. Kinachotakiwa ni kuiambia ruta iihifadhie kompyuta ya seva anwani moja siku zote. Karibu kila ruta ina sehemu hiyo, na bado ni kati ya mambo yanayosahaulika zaidi.

Kisha maagizo yenyewe. Unaingia kwenye ruta kwa kivinjari, kwa kawaida kupitia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kwa nywila iliyobandikwa chini yake (na ukishaingia, ibadilishe siku hiyohiyo). Unaelekeza poti kwenye anwani ya ndani ya seva. Kuna sehemu ya kuchagua aina ya mawasiliano, TCP au UDP, na hapo watu hukisia. Java hutaka TCP, Bedrock hutaka UDP. Ukikosea, kila kitu kitaonekana kimekamilika na hakuna atakayeingia. Ukitumia tovuti ya kupima kama poti imefunguka, seva iwe inawaka wakati huo. Poti isiyo na programu nyuma yake huonekana imefungwa hata kama ruta imepangwa sawasawa, na nimeona vijana wakiharibu mpangilio mzuri kwa sababu ya kipimo kilichofanywa seva ikiwa imezimwa. Na usijipime mwenyewe ukiwa ndani ya nyumba kwa kutumia anwani ya nje. Ruta nyingi haziwezi kutoka na kurudi mlangoni kwao wenyewe. Zima Wi-Fi kwenye simu, washa data ya laini, ujaribu ukiwa kama mtu wa nje.

Yote hayo tukayafanya, mimi kwa simu na yeye akiwa amekaa sakafuni mbele ya ruta. Kila kitu kilikuwa sawa. Na bado wenzake hawakuingia.

Hapo ndipo lilipobaki swali moja, ambalo siku hizi ninawashauri vijana waanze nalo kabla ya mengine yote. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, uangalie anwani iliyopewa na mtoa huduma upande wa nje. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako kama dunia inavyoiona. Linganisha. Zikifanana, kwa kawaida nyumba yako inafikika na kosa liko mahali fulani katika hatua nilizotaja. Zisipofanana, kuna ruta nyingine mbele yako. Mara nyingine ni ya kwenu wenyewe: fundi wa faibari alileta kifaa chake, na nyinyi mkachomeka ruta nyingine nyuma yake, kwa hiyo maagizo yanatakiwa kwenye zote mbili. Lakini anwani ya nje ya ruta ikianza na 100 na namba ya pili ikawa kati ya 64 na 127, kazi yako imeishia hapo. Fungu hilo, lenye anwani zaidi ya milioni nne, lilitengwa Aprili 2012 mahsusi kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja.

Ni sawa na kugundua kwamba shule yenyewe haina S.L.P., inatumia ya ofisi ya wilaya, na karani wa wilaya hajawahi kusikia jina lako wala hapokei maagizo kutoka kwako. Unaweza kufungua poti nyumbani kwako hadi uchoke. Mgeni anazuiliwa kwenye mtambo wa kampuni, mahali ambapo huna ufunguo.

Ruta ya Tabata ilionyesha anwani ya fungu hilo. Tulipopiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akatuambia tuzime na kuwasha, kisha akatuuliza tunatumia intaneti kwa kazi gani. Baada ya kusubiri sana tukaambiwa kwamba anwani ya umma hutolewa kwa wateja wa biashara. Kwenye fomu iliyosainiwa na kaka yangu hakuna mstari uliosema hivyo.

Sitaki kuwaonea wanaoendesha mitandao yetu. Sababu yao ni ya kweli. Mfumo wa zamani wa anwani, IPv4, una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Akiba kuu ya dunia iligawiwa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. Afrika hupata anwani zake kupitia AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na kwa bara zima anwani hizo ni chache kuliko watu. AFRINIC yenyewe imekuwa na kesi mahakamani tangu 2021, na mwaka 2023 mahakama ya Mauritius ikaiweka chini ya msimamizi wa muda ili iendelee kufanya kazi. Anayehitaji anwani nyingi leo mara nyingi hununua kwa aliyetangulia kuzipata, kwa fedha za kigeni. Kampuni yenye wateja majumbani laki kadhaa haiwezi kumpa kila mmoja anwani yake ya IPv4. Hilo nalikubali.

Nisilolikubali ni ukimya, na nisilolielewa ni kuchelewa. Kwa sababu dawa ipo. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, ulizinduliwa rasmi kwa matumizi ya dunia nzima tarehe 6 Juni 2012, na anwani zake ni nyingi kiasi kwamba kila simu, kila taa na kila kompyuta ndani ya kila nyumba inaweza kuwa na yake bila kukopa kwa mwingine. Si nadharia. India, nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja na familia nyingi zenye kipato kama chetu, imeuingiza kiasi kwamba zaidi ya nusu ya watumiaji wake wanaufikia, na msukumo mkubwa ulitoka kwa kampuni ya simu ya Jio, iliyoanza huduma mwaka 2016 ikiwa na mfumo huo tangu mwanzo. Sisi tumebaki nyuma yao sana, wakati simu zetu, Windows zetu na ruta nyingi tunazopewa na faibari tayari zinaujua mfumo huo. Kinachokosekana ni uamuzi wa mtoa huduma kuuwasha hadi nyumbani kwa mteja.

Nimeulizwa na watu ninaowaheshimu kwa nini nijisumbue hivi kwa ajili ya gemu za watoto. Nawajibu kwa umbali. Nuru ndani ya waya wa faibari husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, ambako kuna seva nyingi za kukodi, ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70 hata waya ungenyooshwa kama rula. Nyaya za baharini hazinyooki. Kwa kawaida muda halisi huwa maradufu au zaidi. Seva ya Minecraft huhesabu dunia yake mara 20 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 50. Mtoto wa Mwanza anayecheza na mtoto wa Tabata kupitia Ujerumani anaishi hatua kadhaa nyuma ya dunia anayoiona. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa mstari ni kama kilomita 850. Nuru huenda na kurudi kwa muda usiofika milisekunde 10. Hata ukiongeza vituo vyote vya njiani, mchezo unaoendeshwa Tabata kwa ajili ya mtu wa Mwanza unapaswa kuwa mwepesi kuliko ule uliokodiwa Ulaya kwa dola.

Nasema unapaswa, kwa sababu njia nazo zina mambo yake. Ukitumia amri ya tracert kwenye Windows utaona vituo ambavyo data yako inapita. Watoa huduma wawili wa nchi moja wasipobadilishana data hapahapa, pakiti ya data kutoka Mwanza kwenda Tabata inaweza kupelekwa ng'ambo na kurudishwa. Ndiyo maana vituo vya kubadilishana data vilijengwa, KIXP ya Nairobi mwaka 2000 na TIX ya Dar es Salaam baada yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Tanzania na majirani walipoteza sehemu kubwa ya mawasiliano na nje. Siku kama hiyo ndipo thamani ya seva iliyo ndani ya nchi inapoonekana. Hata hivyo Minecraft ya kawaida huthibitisha jina la kila mchezaji kwenye mitambo ya wenye gemu ng'ambo kabla ya kumruhusu kuingia, kwa hiyo seva ya hapa inaweza kuwa hai na bado mchezaji akakwama mlangoni.

Kuna nyumba ambazo wageni wanaingia, lakini mchezo unakwamakwama. Hili ni tatizo jingine, na lina wahusika tofauti. Angalia kwanza kama ni mashine. Seva ikilemewa huandika yenyewe kwenye dirisha lake kwamba imebaki nyuma. Ukiona hivyo, mtandao hauna kosa, kompyuta haina nguvu au kumbukumbu ya kutosha kwa idadi ya wageni. Kisha Wi-Fi. Kuta zetu za zege na matofali hula mawimbi, na katika majengo ya ghorofa kila jirani ana ruta yake kwenye masafa yaleyale ya GHz 2.4. Seva isiwe kwenye Wi-Fi. Waya wa mita chache kutoka ruta hadi kompyuta huponya kuliko kifurushi kikubwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo uangalie kasi ya kupakia, ile namba ndogo ambayo matangazo huificha. Anayecheza hupokea zaidi; mwenyeji ndiye anayetuma kwa wote. Gemu yenyewe haihitaji kasi kubwa. Inachohitaji ni pakiti zake zisikae foleni. Dada akianza kupandisha video, au simu ikaanza kuhifadhi picha mtandaoni, ruta hupanga data hiyo kwenye foleni ndefu, na pakiti ndogo za gemu husimama nyuma yake. Mhandisi Mmarekani Jim Gettys aliligundua hili kwenye intaneti ya nyumbani kwake mwaka 2010 na kuzunguka akilieleza hadi wenzake wakatengeneza njia za kupanga foleni kwa haki, ambazo sasa zimo kwenye ruta nyingi. Kulipima ni rahisi: acha amri ya ping, inayopima muda wa kwenda na kurudi, iendelee, kisha pandisha faili kubwa. Muda ukiruka kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia, umelipata. Tafuta kwenye ruta sehemu ya kupanga vipaumbele, uweke kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi yako halisi, ili foleni ibaki mikononi mwako isihamie kwenye kifaa cha kampuni.

Wazazi wananiuliza kuhusu usalama, na wana haki. Poti iliyofunguliwa huonekana na dunia yote, pamoja na mashine zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila mlango. Desemba 2021 lilijulikana kosa kubwa katika Log4j, kipande cha programu kinachotumiwa na mifumo mingi ya Java, na seva za Minecraft zilikuwa kati ya sehemu za kwanza lilikoonekana: mtu aliweza kuandika maneno fulani kwenye gumzo la gemu na kuiamrisha mashine ya mwenyeji. Kwa hiyo seva isasishwe kila toleo linapotoka. Iwekewe orodha ya majina yanayoruhusiwa, wasiomo wasiingie. Ifunguliwe poti moja inayohitajika tu. Kuna ushauri unaosambaa kwamba ukikwama uweke kompyuta kwenye DMZ, yaani ruta ielekeze kila kitu kwake. Mzazi asikubali hilo hata kidogo. Likizo ikiisha, poti ifungwe.

Kijana anayefanya haya yote, anayejua kutofautisha kosa la mashine na la njia, anayesoma kumbukumbu za seva, anayehifadhi nakala ya dunia yake kabla ya kusasisha, anafanya kazi ileile inayofanywa na mafundi wa benki, hospitali na kampuni za simu. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama kazi ya vijana wawili waliobadilisha gemu ya wengine, ikaenea kwa sababu mtu yeyote mwenye kompyuta na laini nzuri aliweza kuwasha seva yake. Vijana wetu hawakosi akili wala hamu. Tunawanyima mlango.

Zipo njia za kuzunguka, nami nimewaelekeza vijana huko kwa kukosa njia nyingine. Programu kama ZeroTier na Tailscale huunganisha kompyuta za marafiki kana kwamba ziko nyumba moja, hata zikiwa nyuma ya makarani wawili kila upande; kila mgeni lazima aiweke programu hiyo kwake, jambo gumu kwa mwenye simu tu. Unaweza kukodi mashine nje na kupitisha wageni huko, kwa gharama ya dola na umbali. Na njia hizi za faragha (VPN) nazo zina sheria zake: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN nchini Tanzania kuzitolea taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mzazi anayeheshimu sheria anajikuta akilazimika kuisoma kanuni ya mawasiliano ili binamu wacheze pamoja, wakati sehemu kubwa ya tatizo ingekwisha kwa mtoa huduma kuwasha IPv6.

Ninachoomba kwa TCRA, kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na kwa wenzao wa Uganda si pesa wala ruzuku. Kila mkataba wa intaneti ya nyumbani uonyeshe mambo matatu kwa maandishi yanayosomeka: kasi ya kupakia, kama mteja anapata anwani inayofikika kutoka nje au ya pamoja, na kama IPv6 inafika hadi kwenye ruta yake. Anwani ya umma ikiwa inauzwa, bei iwekwe wazi kwa mteja wa nyumbani kama inavyowekwa kwa mteja wa biashara. Na watoa huduma watangaze lini watawasha IPv6 kwa majumbani, kwa mwezi na mwaka.

Anayesaini faibari wiki hii asingoje mamlaka. Kabla fundi hajatoboa ukuta, muulize wakala: "Anwani yangu ya nje itakuwa ya umma au ya pamoja? IPv6 ipo?" Asipojua, mwombe ampigie anayejua ofisini, na jibu liandikwe kwenye fomu juu ya sahihi yako. Fundi akishaondoka, fungua ukurasa wa hali ya ruta na uangalie namba mbili za mwanzo za anwani ya nje. Kama fomu inasema ya umma na ruta inaonyesha 100.64 au ndugu zake, rudisha fomu hiyo siku hiyohiyo, ikiwa bado una haki ya kubadili nia.